Mwanamke wa Kofia ya Manyoya

Murithi,

"Mtu mzima mwenye duka na watoto hana haja ya kubandika picha za wazungu waliokufa zamani. Ukurasa huo ni aibu kwa familia. Ufungwe." Hayo ameyaandika kaka yako Kirimi kwenye kikundi cha simu cha kamati ya mazishi, ambamo walisahau kunitoa. Namjibu hapa mtandaoni, chini ya picha ya mwisho uliyobandika kwenye ukurasa wako, kwa sababu najua hapa ataona. Wewe nakuandikia kwa sababu hukuwahi kuniacha nimalize hoja, na leo huna njia ya kunikatiza.

Si kweli kwamba zilikuwa picha za wazungu tu. Uliweka magitaa ya Kimeru yaliyorekodiwa baba zetu wakiwa vijana. Uliweka vinyago, michoro ya Wajapani, waigizaji wa India na Misri wa enzi za filamu zisizo na sauti. Na kama kufa zamani ni kosa, basi Kirimi, ambaye ni mzee wa kanisa, aangalie vizuri Biblia anayotusomea kila Jumapili imejaa watu gani.

Lakini aibu anayoisema aliileta mwenyewe, na kwa kuwa hukuwepo kuiona, nikueleze.

Ulipofariki, Kirimi alisema picha za programu ya mazishi atazichagua yeye. Ulipokuwa hai hakuwahi kuufungua ukurasa wako. Aliufungua sasa, akakukuta wewe, akamkuta mkeo Nkatha, akamkuta na mwanamke wa kofia ya manyoya, yule mwigizaji uliyempenda, ambaye chini ya picha yake uliandika: "Malkia wangu hazeeki." Akadhani ni mtu wenu. Akazipeleka zote kwa mpiga chapa. Tulipoketi kwenye hema nyumbani kwako Muthara na kufungua programu, ukurasa wa familia ulikuwa na wewe, Nkatha, watoto wako Kendi na Mwenda, pamoja na mwanamke aliyefariki kabla hujazaliwa.

Hakuna aliyeshtuka. Kwetu ukiwekwa kwenye programu ya mazishi wewe ni wa familia, hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Familia ilipoitwa kusimama mbele ijulikane, shosho mmoja, bibi mzee aliyeketi kando yangu, alinigusa na kidole.

"Na huyu wa kofia mbona hajaitwa?"

Nikamwambia hakuweza kuja.

"Wako na baridi sana huko," akasema, akaukunja ukurasa vizuri.

Mchungaji naye akawaombea jamaa walio ng'ambo waliokosa njia ya kufika. Nkatha akajifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika, wanawake wakamkimbilia kumshika. Mimi nilikuwa karibu. Alikuwa anacheka, Murithi. Aliponiona ninamtazama akasema polepole, "Huyu mwanamke amenifuata hadi hapa." Tangu ulazwe hospitalini sikuwa nimemwona akicheka.

Baadaye vijana wakamweleza Kirimi yule aliyemweka kwenye programu ni nani. Tangu hapo hana amani, na badala ya kujicheka kidogo yaishe, anataka kufunga ukurasa wote.

Mimi si mtetezi wa kila ulichobandika. Bado nashikilia kwamba wale wachoraji wa farasi uliokuwa ukiwabandika hawakujua goti la farasi liko wapi, na kufa hakukupi ushindi. Lakini nimesoma vitabu vingi kuhusu sanaa, na katika hivyo vyote sijakuta kinachofanana na kilichokuwa kikitokea hapa. Mtu alikuja dukani kwako kununua dawa ya kupe, ukamwonyesha mwigizaji, akarudi nyumbani akaandika: "Huyu ana uso wa shangazi yangu wa Timau akinyimwa chai." Mwingine akajibu kwamba shangazi huyo anamjua na ni mbaya zaidi. Ulimjibu kila mmoja. Mtu ambaye hakuwahi kuingia jumba la sinema alijua kuisoma sura ya mtu asiyesema neno.

Kisha kuna Ciarunji, muuza nafaka wa Siakago. Alikutumia sauti ya marehemu mama yake akiimba wakati wa kuvuna mtama. Ukaiweka juu ya kipande cha filamu bubu, mwanamke anayetembea shambani kwenye upepo, na hatua zikaingiana na wimbo. Ciarunji amenipigia simu baada ya kusikia habari za kuufunga ukurasa. Nikamwambia awe na amani, wimbo nimeshaunakili. Akasema wimbo hata yeye anao.

"Mwalimu, mimi huja pale kuona watu wakimsalimia mama. Kwa simu yangu atasalimiwa na nani?"



Basi pumzika, mucore wangu, rafiki wa mabishano. Sitakuandikia tena, kwa sababu sipendi mabishano ya upande mmoja. Ila naahidi kwamba kila Ijumaa, siku yako ya kubandika, nitapita hapa nimjibu kila atakayeuliza huyu ni nani.

Sasa nasema na walio hai. Mzee Kirimi, ulikosea picha, tulicheka, tumemaliza. Acha. Kendi na Mwenda, msikubali kuambiwa kwamba baba yenu alikuwa akipoteza wakati. Someni yaliyoandikwa hapa kabla ya kupiga kura katika kikao chochote. Na wewe, Mama Kendi: Jumapili baada ya ibada watakuja kwako kuomba simu ya marehemu ili waufute ukurasa. Wakaribishe, wape chai, wasikilize mpaka wamalize. Simu usiwape.