Nyumba ya Mguu wa Chiriku

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya shule.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mapacha, wameacha kung'oana nywele? Kile kikohozi chako kimekuacha au bado unakidharau? Usiniambie ni vumbi, nakujua. Dawa umalize, siyo ukipata nafuu unaiweka juu ya kabati.

Huku tu wazima. Shemeji yako mzima, bado yuko kwenye lile ghala la vigae, mgongo unamsumbua lakini hasemi. Mama mkwe wangu mzima, anauliza lini utanenepa. Mpwa wako mkubwa mzima, yuko kiwanda cha mikate, anarudi na unga mpaka kwenye kope. Mdogo wake, Chiriku, naye mzima sana, mdomo haupumziki, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo. Kwa simu ningelia, halafu usingenielewa.

Mdogo wangu, sijasahau. Uliposikia mguu wa Chiriku hauwezi tena safari ya shule kutoka kule tulikokuwa tunakaa, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, tena kasimama, ulisema bila kuombwa, "Mleteni kwangu, shule iko mlangoni." Nililia siku ile kwa kuona nina ndugu. Shukrani yangu haina pa kuishia. Ila nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakunja uso.

Shemeji yako alitaka kwanza tujaribu kuhamia karibu na shule, muhula ukiisha hatujapata ndipo tumlete. Mji huu umetanuka kama unga uliozidishiwa hamira. Nyumba za kodi yetu ziko mbali, za karibu si za watu kama sisi. Nikapata dalali mmoja, viatu vinang'aa, kila nyumba kwake ni "hapo tu." Tunashuka kituoni tunatembea, tunavuka barabara pana magari hayasimami, tunatembea tena, yeye yuko mbele anasema hapo tu. Siku ya tatu Chiriku akaketi ukingoni mwa mtaro akamwuliza, "Anko, hii hapo tu inaishia wapi?" Watu wakacheka. Mimi nikarudi nyumbani nikaanza kukunja nguo zake za kuja kwako.

Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelika upande, unajua anavyokanyaga. Nikakipeleka kwa fundi viatu wa mbele ya shule, nisije nikakuletea mtoto na kiatu kibovu. Akakigeuza, akauliza mwenyewe anatoka wapi. Nikamweleza yote, na wewe nikakutaja. Akasema, "Mama, wewe unapata nyumba kwanza ndipo unauliza kama mtoto atafika. Anza na mtoto. Aondoke hapa getini, atakapochoka ulizia chumba hapohapo."

Niliona aibu, maana sikuwahi kufikiria hivyo.

Basi tukaanza getini. Upande wa barabara kubwa alichoka upesi, ni mchanga mtupu. Upande wa nyuma njia ina saruji na kuna ukuta wa kushika. Akapita duka la dawa, akapita mashine ya kusaga, bado anaongea. Alipokaa, alikaa kwenye ngazi ya mama mmoja mshonaji. Nikaomba radhi, nikauliza kama anajua chumba. Akamtazama Chiriku anavyojikanda mguu, akasema vya uani ana viwili, alikuwa anawekea vitambaa.

Kodi ni ileile ya kule, ila kule vilikuwa vitatu. Kabati la mama mkwe halikuingia, tumemwachia jirani. Tumebanana, lakini nauli ya Chiriku sasa inakaa nyumbani. Jana sabuni iliisha, mama mkwe akachukua mkongojo akaenda dukani mwenyewe, na mwaka mzima hajawahi kutoka peke yake. Alirudi na sabuni na umbea.

Asubuhi nasimama mlangoni namwangalia Chiriku mpaka anaingia getini. Ananipungia mkono niingie ndani, eti namwaibisha.

Kwa hiyo mdogo wangu, haji. Najua wifi ameshasafisha chumba na kununua kitanda, na hilo ndilo linaloninyima raha. Msidhani tumewadharau. Bila lile neno lako nisingekuwa na moyo wa kutafuta. Kila nyumba iliponishinda nilijiambia mtoto ana kwake.

Nisalimie wifi, umwambie nampigia magoti. Wabusu mapacha. Shemeji yako na mama mkwe wanawasalimu. Mungu awalinde mkitoka na mkirudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nakubeba mgongoni,
Mama Chiriku.

Kitanda msikiuze, likizo atakuja kukilalia, ameshaanza kuuliza kama kiko dirishani. Nijibu upesi, hata mstari mmoja, na kwanza kabisa niambie wifi amesema nini.