Meno ya Ng'ombe wa Ogwedhi

Mdogo wangu Rehema,

Hamjambo wewe na Mama? Hapa soko la mifugo la Ogwedhi jua ni kali na viatu vyangu vimejaa samadi, lakini furaha niliyo nayo sijui niieleze vipi.

Ile programu yangu ya kuandikisha mifugo nilimpa Mama Achieng, muuza ng'ombe wa hapa, aijaribu. Akafika penye tarehe ya kuzaliwa, ile kalenda niliyohangaika nayo wiki mbili nikitazama masomo ya video. "Siku hii ng'ombe ilizaliwa, nani alikuwa na kalamu?" Akanirudishia simu. Bila tarehe programu haiendelei, nikaona safari yangu imeishia hapo.

Kumbe alikuwa hajamaliza. Alinishika mkono, tukamfungua ng'ombe mdomo pamoja. "Hesabu hizi meno kubwa. Ziko nne, basi iko karibu miaka tatu." Soko zima linajua umri hivyo! Nikakaa kwenye kibanda cha chakula, nikaifuta kalenda, nikaweka idadi ya meno. Samaki wangu alipoa sijamgusa. Mama Achieng akaandikisha ng'ombe wake wote bila kuniuliza kitu, na wenzake wakapanga foleni.

Kwa hiyo hizo video za masomo unazotazama nawe zipumzishe kidogo. Programu uliyomtengenezea Mama ya duka lake, mpe aitumie, nawe ukae kimya. Akikwama usimwonyeshe, andika alipokwama. Kazi yako iko hapo.

Nawakumbatia wote wawili. Mikono nimeshanawa.

Dada yako,
Mwanaisha