Mkanda wa Kushoto

Jumatatu, 1 Julai. Gitega
Nimemfuta mwanangu Salma kwa kitambaa: shingo, kwapa, nyuma ya magoti. Kuoga hakuna. Daktari kasema mikanda aliyomfunga miguuni haivuliwi. Wiki ya tatu sasa. Miguu imekunjwa na kupanuliwa kama ya chura. Eti nyonga ya kushoto haikai kwenye kibakuli chake, ekografi, ile picha ya mashine, imeonyesha. Mi niliona moshi tu kwenye kioo. Miezi miwili, ananyonya, hana homa. Mgonjwa gani huyu?

Alhamisi, 4 Julai
Jirani wa hapa Nyamugari kauliza kama nimemfunga mtoto asikimbie. Nilicheka. Halafu nikalia jikoni. Fundi cherehani mzima, nashonea watu nguo za arusi, mwanangu havai hata gauni.
Daktari alichora alama ya kalamu kwenye kila mkanda, pale unapofungiwa. Naziangalia kila asubuhi.

Jumamosi, 13 Julai. Muyinga
Arusi ya wifi yangu. Mama mkwe alipoiona mikanda alisema wao zamani wangeikanda miguu kwa mafuta, wainyooshe, basi. Hamisi, mume wangu, akamkatalia mbele ya watu.
Wageni wanamgeuza mtoto, wanaguna. Mmoja kauliza nilikula nini nikiwa na mimba.
Nimeifungua. Ndiyo, mi mwenyewe. Niliingia chumbani, nikavua mikanda yote, nikamvalisha gauni jeupe nililomshonea. Miguu imenyooka, iko pamoja. Alipendeza, jamani! Kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Kisha nikamfunga harakaharaka, Hamisi asijue. Alama ya kushoto imefifia kwa jasho. Nikakisia. Fundi anajua vipimo.

Jumatano, 17 Julai. Gitega
Siangalii alama tena.

Jumanne, 23 Julai
Nyonga iliyokuwa imeanza kukaa imetoka tena.
Daktari kashika mkanda wa kushoto: umefungwa nje ya alama. Nani kaugusa? Kabla sijafungua mdomo, Hamisi kasema ni mama yake, na mafuta yake. Mi kimya.
Pengine ni mkanda, anasema daktari, pengine nyonga yenyewe ni kaidi, hawezi kuapa. Kaufunga upya. Wiki tatu. Isipokaa, twende Bujumbura, afungwe plasta ngumu kutoka kiunoni mpaka miguuni. Salma anaichekea taa.
Hamisi kampigia mama yake simu, kafoka. Mama kajibu, sawa, mwanangu. Sawa nini? Kwa nini hakukana? Sielewi kitu. Najichukia.

Ijumaa, 26 Julai
Mama mkwe kashuka kwenye basi na kikapu cha maharage. Kaja kunisaidia. Hamisi hamwangalii.
Kaniomba nimwonyeshe alama, moja baada ya nyingine. Nikibadilisha nepi, yeye anaituliza miguu vilevile ilivyopanuka. Mikanda haigusi. Namkasirikia, Mungu anisamehe. Angenipigia kelele ningejua la kufanya.

Jumatano, 31 Julai
Bado sijasema.

Jumanne, 13 Agosti
Iko ndani! Daktari kasema mara mbili. Safari hii hata mi nimeona: duara, limetulia kwenye kibakuli. Mikanda inaendelea, ekografi pia, lakini Bujumbura hatuendi. Hamisi kamshukuru Mungu, karudi dukani Magarama.
Nyumbani nimemweleza Mama mkwe yote. Gauni, saa zile, mkanda. Kaendelea kuchambua maharage.
"Nilikuona, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi."
Nikamwuliza, kwa nini basi alikubali kutukanwa.
"Mi ni mama yake. Atanikasirikia, atarudi. We ungebaki na mtoto mgonjwa na bwana mwenye hasira."
Nimekaa chini, tumechambua pamoja mpaka sinia likaisha. Salma amelala katikati yetu, miguu yake wazi.
Mama anasema niache, yameisha. Hayajaisha. Hamisi karudi, yuko uani, anakung'uta vumbi viatuni. Nimemwomba Mama asiondoke, nimwambie yeye akiwepo.