Mikono Juu Masijala

Jumatatu, 3 Machi
Faili tele kabla ya saa nne. Mvua imenyesha Busia nzima, wagonjwa wamekuja wamelowa, kadi zao zimelowa. Nekesa, karani wangu mwepesi kuliko wote, ameniletea barua. Anaomba ahamishwe. Shingo na bega la kulia vinamuuma miezi minne sasa, vidole vinakufa ganzi akichapa. Nimemwambia masijala ya hospitali si shamba. Kazi ya kuketi haijamvunja mtu. Akasema, "Sawa, Mzee," akarudi mezani kwake.
Sikupenda alivyosema sawa.

Jumanne, 4 Machi
Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Mimi mwenyewe siwezi kugeuza shingo upande wa kushoto. Tangu mwaka jana. Nikiitwa dirishani nageuka mwili mzima, kama kabati linalosukumwa. Watu wanadhani ni ukubwa wa cheo. Anayejua ni Rose tu, mke wangu. Naogopa. Nina miaka hamsini na sita. Wakijua watasema mzee amechoka, apumzishwe. Ndiyo maana Nekesa alinikasirisha. Amesema kwa sauti kitu ninachokificha.
Barua yake iko kwenye droo. Sijaipeleka kwa msimamizi wa hospitali.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Nilinyoosha mkono kuteremsha faili kutoka rafu ya juu. Shingo ikakaza kama waya. Faili likaanguka, karatasi zikatapakaa, na mimi nimesimama mkono juu. Kuushusha siwezi. Kusema siwezi. Waliokuwa dirishani walidhani naapa.
Nekesa ndiye aliyenishika, akaniketisha polepole. Halafu akanipeleka kitengo cha fizio, kwa wanaotibu viungo, kwa kupitia nyuma ya jiko, ili watu wasinione. Kupitia nyuma! Baada ya nilivyomjibu.
Wa fizio ni Nyaketcho, dada wa Kipadhola anayetoka upande wa Tororo, Uganda, na kuvuka mpaka kila asubuhi. Alinishikashika shingo, kisha akauliza meza yangu ikoje. Nikasema ni meza tu.
"Basi Mzee, kesho nakuja kuona hiyo meza tu."

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja. Ametucheka, kwa upole, lakini ametucheka. Kompyuta yangu iko pembeni kulia kwa sababu soketi iko kulia. Miaka sita nimetazama kulia. Nekesa naye kiti chake ni cha plastiki, kifupi, na meza ni ndefu. Anachapa mabega yakiwa masikioni, kama mtu anayeshangaa kutwa nzima.
Nyaketcho akasema mwili haukatai kazi, unakataa kukaa namna moja. Makarani wengi wa hospitali wanaumwa hivi: shingo, bega, kiuno, kifundo cha mkono. Kila mmoja anaficha, anadhani ni yeye peke yake.
Nikamtazama Nekesa. Nikasema mbele ya wote, "Binti yangu, nilikujibu vibaya. Hata mimi naumwa."
Halafu Barasa, karani wa bima, anayejidai simba, akasema, "Mimi ni kiuno." Akasema kwa sauti ndogo sana, kama anaungama dhambi. Tulicheka mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini. Sikumbuki lini tulicheka hivyo mle ndani.

Jumatatu, 10 Machi
Kwa msimamizi. Nimeomba viti, meza zipangwe upya, na dakika tano za kunyoosha viungo kila siku saa nne asubuhi. Akasema, "Foleni yote hiyo, nyinyi mnyooshe viungo?" Kisha, polepole, akauliza kama nimefikiria kustaafu mapema.
Ndilo swali nililoliogopa mwaka mzima. Nilidhani litaniua. Nikajisikia nasema, "Hapana. Nimefikiria kiti."
Ametupa wiki moja ya kujaribu. Wagonjwa wakilalamika, basi. Nimeshuka ngazi nikiwa mwepesi, hata sijui kwa nini. Barasa na mimi tumehamisha meza. Waya mrefu wa umeme nimetoa nyumbani. Skrini ya Nekesa tumeiweka juu ya rimu za karatasi.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya ajabu! Saa nne tulifunga dirisha. Foleni ikaanza kunung'unika. Nikawaza, tumekwisha. Bibi mmoja kutoka Buhehe, ng'ambo ya mpaka, akagonga kwa fimbo. "Nyinyi nafanya nini huko ndani?"
Nekesa akamjibu, "Tunanyoosha mgongo, nyanya."
"Basi fungua, sisi naona."
Tukafungua. Akatutazama, akatikisa kichwa. "Hapana hivyo. Mimi nalima tangu zamani. Mtu ya jembe nasimama, nashika kiuno, naangalia mbinguni. Hapana kuinama siku mzima kama mbuzi." Akaonyesha. Aliyekuwa nyuma yake akafuata. Halafu benchi lote. Wenye kikohozi, wenye watoto mgongoni, korido nzima mikono juu!
Ndipo msimamizi akatokea. Bibi akamwelekezea fimbo: "Na wewe ya tai! Juu!"
Akainua. Bega lake likalia ka! Korido nzima ilisikia. Alikaa hivyo, mikono hewani, uso umebadilika. Kisha akacheka kuliko sisi sote. Jioni ameniuliza, faraghani, Nyaketcho anaingia saa ngapi.

Ijumaa, 21 Machi
Viti viwili vimekuja. Kimoja cha Nekesa, nimeamua mimi. Vidole vyake vina ganzi asubuhi tu sasa. Ameomba barua yake, akaichana mwenyewe, vipande vidogo vidogo. Nimefurahi kijinga. Nimenunua mandazi ya watu wote.

Jumapili, 30 Machi
Baada ya kanisa tumekaa nyumbani. Nimemsimulia Rose tena habari ya bibi wa Buhehe. Amecheka, halafu akajishika kiuno. Akasema mgongo wake pia unamuuma. Tangu Krismasi, kwenye cherehani. Hakutaka kuniongezea mzigo.
Nimetafuta ubao, nimeuweka chini ya kiti chake cha kushonea ili kiinuke. Amekaa, amejaribu. Amesema bado kidogo. Nimeongeza mwingine.
Ameshona shati langu, kola tu, polepole. Nimeketi karibu nikimtazama mabega. Yametulia.