Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Tarkwa, 4 Aprili 1996

Mpwa wangu Fiifi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo Adwoa na kwa mabinti. Mimi nipo. Kifua ndicho kinachoniandama, na siku hizi daktari anazungumza na binti yangu badala ya kuzungumza nami. Unajua maana yake.

Kuna jambo nimekuficha miaka thelathini na minane. Linahusu nyumba unayoikarabati, na linamhusu baba yako.

Barua yako imenifikia juzi. Unasema tangu mlipoezua mabati ya upande wa nyuma, ukuta wa chumba wanacholala mabinti umevimba, na Jumamosi utaupiga lipu nyingine ya simenti kwa mikono yako. Usiupige. Watoe mabinti humo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Ukuta ule ni udongo mtupu, kama nyumba nyingi za zamani hapo Saltpond. Simenti iliyo juu yake niliipaka mimi, Mei 1958. Ulikuwa unakaribia kutimia mwaka tangu mjomba wetu afariki, wageni walikuwa wanakuja kwenye kumbukumbu kutoka Cape Coast hadi Sekondi, na mimi, mwalimu mkuu kijana, sikutaka wazione nyufa za nyumba ya ukoo. Baba yako, fundi mwashi, aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Shemeji, udongo huu umelowa. Tubomoe kipande hiki, tukijenge upya, kikauke kiangazi kizima. Ukiufunika kwa simenti, maji yatakaa ndani na hutayaona."

"Kwamena," nikamwambia, "wageni hawaji kiangazi."

Akacheka, akasema mwiko wake hautagusa kazi hiyo. Alipokwenda Swedru kwa kazi nyingine, nilivua shati nikapiga lipu chumba cha mama yako na hicho kinachofuata. Vilipendeza. Watu walinisifu.

Juni mvua ilipokuja, asubuhi ya kumbukumbu yenyewe, ukuta ulimwangukia mama yako kitandani. Hilo unalijua. Usilolijua ni kikao. Wazee walisema fundi amemuua mkewe kwa kazi mbovu. Baba yako akasema, "Si mwiko wangu," akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa naandika maneno ya kikao. Niliendelea kuandika. Akafukuzwa, nawe, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa mama, ukabaki mikononi mwangu. Sikuwahi kukutamkia neno baya juu yake. Nilinyamaza tu, ulipoyatamka wewe.

Chumba cha mama yako kilijengwa upya kwa matofali. Hicho cha mabinti kimebaki na simenti yangu. Baba yako yu hai, yuko Swedru, nyuma ya kiwanda cha mbao. Anaujua ukuta huo kuliko mtu yeyote. Mwite.

Mjomba wako,
Ekow Essilfie


Saltpond, 13 Aprili 1996

Mjomba,

Barua nimepata. Sisi wazima.

Mabinti wamehamia juu kwa dada yako, Mama Esi. Analalamika: "Mguu wa mmoja mdomoni, kiwiko cha mwingine mbavuni. Mnakarabati nyumba au mnanikarabati mimi?" Tunapikia ukumbini, katikati ya mchanga na mabati ya zamani. Kila tonge lina vumbi.

Nilitia tindo pale palipovimba. Simenti iling'oka bamba zima, kama mfuniko wa sufuria. Nyuma yake kulikuwa na tope. Niliingiza kidole chote, kikazama hadi mwisho. Mabinti wangu wamelala hatua moja kutoka hapo tangu Krismasi.

Mwaka 1979 baba alinijia kituo cha magari Swedru, akaninyooshea mkono. Mimi wangu niliutia mfukoni. Niliporudi nilikusimulia. Ulikuwa unakula. Ulisema, "Wewe ndiye ujuaye," ukaendelea kula.

Mkuu wa ukoo amekuja tena kuhimiza. Anataka nyumba iwe imepakwa rangi kabla ya Agosti. Sikumuuliza kwa nini Agosti.

Usiniandikie.

Fiifi


Tarkwa, 20 Mei 1996

Mpwa wangu,

Hujambo? Adwoa hajambo? Najua ulinikataza kuandika. Mimi sasa natembea kutoka kitandani hadi dirishani, na nikifika huko napumzika kama mtu aliyefika Kumasi.

Kuhusu Agosti, usijisumbue kunificha. Ukoo wetu hauipaki nyumba rangi mpaka kuna mtu wa kutolewa humo kwenda kuzikwa. Mimi mwenyewe nimehimiza watu hivyo hivyo. Nakuomba usipake hata brashi moja kwa ajili yangu.

Baba yako, ulimwita?

Mjomba wako,
Ekow


Tarkwa, 9 Juni 1996

Mpwa wangu,

Natumai mu wazima. Mvua haijakatika hapa siku ya tatu leo. Niambie tu kama ukuta umesimama. Neno moja linatosha.

Mjomba wako


Saltpond, 30 Juni 1996

Mjomba,

Salamu. Sisi tunaendelea vizuri, nawe Mungu akupunguzie maumivu ya kifua.

Ukuta haupo. Tumeubomoa wenyewe, kipande kwa kipande, na hakuna aliyeumia.

Nilikwenda Swedru na chupa ya pombe kali ya jini, kama mtu anavyopaswa kwenda akiomba radhi. Nilimkuta ameketi kwenye benchi anamenya muhogo. Nikapiga magoti. Chupa hakuitazama. "Una magoti ya mama yako," akasema. "Simama, utachafua suruali."

Nikamsomea barua yako, maana macho yake hayaoni tena maandishi. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Mvua imeanza huko?"

"Imeanza."

"Sasa unakaa hapa kufanya nini?"

Alikuja na timazi na mwiko ndani ya mfuko wa unga. Mama Esi alipomwona mlangoni aliweka sinia chini. "Kwamena, umezeeka vibaya."

"Wewe ulianza vibaya," akamjibu, "ndiyo maana haikuonekana."

Kisha Mama Esi akamshika mikono yote miwili, wakasimama hivyo mpaka sisi wengine tukatoka nje.

Baba alitegemeza boriti za juu kwa miti kwanza. Halafu akatufundisha, mimi, Adwoa na mabinti, kuutoa udongo kuanzia juu, karai kwa karai, bila kuugonga. Siku kumi na moja. Tunalala wote katika vyumba viwili. Yeye kachagua mkeka ukumbini, kitanda amekataa. Adwoa akimpa samaki mkubwa anamrudisha chunguni na kuchukua mdogo, kama mgeni. Mkuu wa ukoo alikuja kufoka juu ya rangi. Baba akamwambia, "Mzee, ukuta mpya utakauka mpaka Machi. Atakayekufa kabla ya hapo atatuvumilia." Nisamehe kukuandikia hilo. Nilidhani ungecheka.

Juzi tulipomaliza msingi nilimwambia baba kwamba angalau sasa nayajua yote. Akaufuta mwiko kwa kiganja, polepole.

"Yote?" akasema. "Muulize mjomba wako, mama yako Araba alimwambia nini asubuhi ile."

Alisema kuna jirani aliyekuwa anachota maji uani, aliyesikia, na akamweleza yeye alipokuwa anafungasha vitu vyake baada ya kufukuzwa. Nikamuuliza kwa nini hakulitamka mbele ya wazee, au kwangu, pale kituoni. "Ulikuwa na miaka sita," akasema. "Ulibakiwa na mtu mmoja wa kumkimbilia. Nikunyang'anye na huyo? Na pale kituoni ulikuwa umevaa suti aliyokununulia."

Mjomba, wewe ulinifundisha kusoma ukiwa umenipakata. Siku yako ikifika mimi ndiye nitakayetangulia mbele ya jeneza, na nataka niwe nalia kweli. Siwezi kumlilia mtu nisiyemjua. Usinieleze wala usinipambie maneno. Mama alikuambia nini?

Mpwa wako,
Fiifi


Tarkwa, 8 Julai 1996

Mpwa wangu,

Nawasalimu wote, na baba yako namsalimu kwa jina lake, Kwamena Otoo. Afya yangu usiiulize. Binti yangu alitaka kuniandikia barua hii, nimemkatalia, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Ulidhani vizuri. Juu ya ukuta na Machi, nilicheka.

Nilipokuandikia Aprili nilijiambia kwamba simenti inatosha. Simenti ilikuwa majivuno na ujinga wa mtu aliyesoma, na nilijua ungeweza, siku moja, kunisamehe hayo. Ndiyo maana nilikupa hayo.

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Yapata saa mbili wageni walikuwa wanakunywa uji uani, nami nilikuwa nazunguka kati yao na daftari la majina. Mama yako alinifuata kando ya pipa la maji. Alikuwa hajalala siku mbili kwa kuwapikia watu. Nywele zake zilikuwa na udongo.

"Kaka," akasema, "ukuta unanimwagikia kitandani. Nipatie mahali nijinyooshe, saa moja tu, kisha nitawahudumia."

Niliutoa udongo ule kichwani mwake kwa vidole vyangu, ili wageni wasiuone. Ulikuwa umelowa. Maneno ya baba yako yalinijia yote, moja baada ya jingine. Usije ukadhani nilikuwa sijui.

Vyumba vilikuwa vimejaa watu, isipokuwa kimoja, cha juu, kinachotazama barabara. Nilikuwa nimekitandikia shuka nyeupe kwa ajili ya mkaguzi wa shule, aliyeahidi kupita akiwa njiani. Hakupita. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na wakati wote mama yako akizungumza nilikuwa nimeushika.

Nikamwambia nyumba imejaa. Nikamwambia arudi chumbani kwake akalale.

Kaka yake Araba,
Ekow