Azote Iliondoka na Harufu

Siku ya kwanza ya juma, 2 septembre
Nimegeuza tena lundo ya mavi ya mbuzi nyuma ya nyumba. Kila asubui, mbele ya kunywa chai. Harufu inachoma macho. Najisemea hiyo njo nguvu yake. Lazima ikuwe na nguvu. Shamba ya Nyangezi ni ya shemeji. Alinipa kwa saison moja ya kulima tu, tangu bwana yangu alienda kwa machimbo ya Kamituga na kunyamaza. Alisema wazi: mahindi ikikosa tena, anapatia mwingine. Niko na batoto ine. Tunakula shamba ile tu.

Siku ya pili ya juma, 10 septembre
Mvua. Sikufunika lundo. Maji nyeusi inashuka mpaka kwa bustani ya Maman Furaha, jirani wa chini. Alipanda juu kunisemesha: "Mama Cito, hapa ni Nguba, ni mujini, haiko zizi." Nilisikia haya. Nikamwaga majivu yote ya mbabula, jiko ya makala, juu ya mavi, harufu iishe.

Siku ya tano ya juma, 20 septembre
Harufu ilizidi siku mbili, kisha ikaisha kabisa. Mavi imekuwa laini, nyeusi. Nimejaza magunia, kesho inapanda gari ya Nyangezi. Nina furaha, siifichi.

Siku ya tatu ya juma, 30 octobre
Mahindi nilipanda na ile mavi iko njano. Majani ya chini inakauka toka ncha. Shemeji alipita shambani, akaangalia, akaenda. Mungu wangu, nilikosea wapi?

Siku ya posho, 2 novembre
Nilimupelekea agronome, fundi wa kilimo wa parokia, majani mawili. Alinieleza polepole. Ile harufu njo ilikuwa azote, chakula ya majani, inaenda na hewa. Kila nikigeuza, naifungulia mulango. Majivu ikaifukuza mbio. Mvua ikabeba yenye ilibaki, ikaishusha chini. Fosfori tu, chakula ya mizizi, imebaki mingi. Ningefunika na majani ya migomba, ningegeuza mara chache, azote ingebaki. Basi ni mimi. Kwa mikono yangu, kwa bidii yangu. Nililia mbele yake kama mutoto. Ningekuwa muvivu, tungekula.

Siku ya Mungu, 10 novembre
Shemeji alikuja kisha misa. Shamba imepewa binti ya dada yake.
Magaribi Maman Furaha alileta kitunga ya lengalenga, mboga ya bustani yake, majani kubwa, kijani nzito. Eti mwaka huu Mungu amebariki udongo wake, hata hajui sababu.
Nilimwambia aksanti. Nikapika. Batoto walikula, wakaomba tena.