Waya Ulioniambia Niachane Nao

Kaka Luhende,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Tangu tukuzike kwenu Nassa, kila mtu anakutaja kwa upole: mama yako, shemeji mkeo, hata wale wa kwaya uliokuwa ukiwatania. Mimi sikuweza. Nilikuwa na swali moja tu, tena si la kumuuliza marehemu. Ulifanya makusudi?

Ngoja nianzie pale ulipoishia.

Ile redio ya pampu kule Itilima haikupona kwa wewe kufa. Unaijua kuliko mimi: tangi liko juu kilimani, pampu iko chini kisimani, na redio mbili zinasemezana. Ya juu ikisema maji yamepungua, ya chini inawasha pampu. Ya chini ikiganda, baada ya muda pampu inasimama, maana uliipanga isisukume maji bila kuambiwa. Hapo ng'ombe wanajazana kwenye birika wakilamba saruji. Ulipokuwa hai walikupigia wewe. Ulipanda pikipiki, ukaenda kuzima na kuwasha, ukarudi Bariadi na jogoo wa shukrani amefungwa nyuma. Safari ya mwisho hukurudi. Wanasema ng'ombe walivuka barabara kwenye vumbi, hukuwaona. Hata hilo sikuliamini mpaka nilipokwenda kuziona alama za breki kwa macho yangu.

Sasa wananipigia mimi.

Safari ya kwanza nilimkuta Mzee Shigela, mlinzi wa kisima, yule mwenye ufunguo wa kibanda cha pampu. "Mwadila, baba," nikamwamkia. Aliitikia huku anatazama mkoba wangu. Nje wachungaji walikuwa wananong'ona: redio haigandi yenyewe, mzee ndiye anaizima mifugo ya wenzake ikija, ili ya ukoo wake inywe kwanza. Nikaona lina maana. Kwa nini maji yakatike siku zile zile ambazo makundi ni mengi? Mwenyekiti wa kijiji aliponiuliza, nikamjibu, "Mashine haina ubaguzi. Kama inachagua siku, basi kuna mkono wa mtu."

Neno hilo likafika mkutanoni. Wakamnyang'anya mzee ufunguo, akabaki mlinzi wa kibanda asichoweza kukifungua. Vijana wa sungusungu wakaanza kupita mbele ya mji wake, polepole, bila kusalimia.

Lakini unanijua, kaka. Nikishaanza kushuku sijui pa kusimama. Nilirudi karakana yetu, nikaifungua draiva uliyoandika, ile programu inayoiongoza chipu ya redio, nikaisoma kama mke anayepekua mifuko ya suruali ya mumewe. Na kitu nikakipata. Kwenye bodi kuna waya ulioulehemu mwenyewe, unaoenda kwenye mguu wa riseti wa chipu. Kompyuta ndogo ya bodi ikiuvuta kidogo tu, yaani ikiushusha umeme wake, chipu inazimika na kuamka upya, bila mtu kwenda kokote. Waya upo. Ndani ya draiva hakuna hata mstari mmoja unaoutumia.

Nikakumbuka niliwahi kukuuliza, tunakula viazi pale nje ya karakana. "Waya ule achana nao," ukasema, ukacheka, ukaanza habari za mpira.

Basi nikamwacha Mzee Shigela, nikahamia kwako. Nikasema huyu alitaka aendelee kuitwa. Alizipenda zile sifa, watoto wakiikimbilia pikipiki yake, wazee wakimwita mganga wa redio. Mistari michache tu, kaka, na siku ile ungekuwa umekaa hapa unanisumbua. Nilimzunguka hata shemeji kwa maneno, nione kama uliwahi kuzilalamikia safari zile. Akaniangalia. "Kabula, unamtafutia nini mtu aliyekwisha kufa?" Nikaaga haraka, chai nikaiacha.

Nikaiandika riseti mwenyewe. Draiva inaiuliza chipu kila baada ya muda: upo? Isipojibu inauliza tena, maana kunyamaza si kufa, huenda iko kazini tu. Ikizidi kunyamaza, draiva inauzuia kwanza ujumbe wote unaosubiri. Kisha inavuta waya, inaipakia chipu programu yake upya, na kuirudishia masafa na ufunguo wa siri iliokuwa nao, kwa kuwa chipu ikiamka haikumbuki lolote. Mezani ilikwenda vizuri sana. Nikaenda Itilima na hamu ya kukushinda.

Mwenyekiti alitufungulia, akaenda zake. Mzee Shigela akasimama mlangoni, kashika mwimo kwa mikono yote miwili, kusudi niione. Pampu ikawaka. Mota ilipovuta umeme, taa za bodi zikafifia, na redio ikaganda pale pale, mbele yangu. Mzee hakuwa amegusa kitu. Ndipo nikaelewa zile siku za makundi mengi: ng'ombe wakinywa sana tangi linashuka mara kwa mara, pampu inawaka mara kwa mara, na kila ikiwaka umeme unayumba. Nilitaka kumtazama mzee usoni, nikashindwa.

Kisha riseti yangu ikafanya kazi. Ikauvuta waya. Pampu nayo ikazima, ikawaka tena papo hapo, maji ya kwenye bomba yakiwa bado yanarudi chini. Mlio ule, kaka! Bomba lilipiga kama bunduki, ng'ombe wakatimka, wachungaji wakawakimbilia. Mimi nikairukia swichi kubwa nikakata umeme wote. Mzee akasema neno la Kisukuma ambalo sitaliandika hapa.

Nilipoigeuza bodi nikaona. Waya ule hauishi kwenye chipu. Unapita kwa chini mpaka kwenye kidhibiti cha pampu. Ukiamsha redio kwa njia ile, unaigonga na pampu. Wewe ulikuwa unazima vyote, unasubiri maji yatulie bombani, ndipo unawasha. Ulijua mota ya kijiji kizima ingeweza kuungua, ukachagua kupanda pikipiki.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Nililia hapo, mzee akiniangalia.

Nimeikata njia ile, chipu sasa ina waya wake peke yake. Na draiva, kabla haijauvuta, inakiambia kidhibiti: simamisha pampu, usiwashe mpaka nikuambie. Tumeijaribu mbele ya watu. Redio ikaganda, pampu ikatua taratibu, redio ikaamka, maji yakatoka. Mkutanoni nikasimama nikasema, "Nilisema kuna mkono wa mtu. Haukuwapo. Mzee Shigela hakuzima chochote." Wakamrudishia ufunguo. Akashukuru, "Wabeja," lakini alimwambia mwenyekiti. Mpaka leo nikienda anasimama mlangoni ananichunga mikono. Sina la kumlaumu.

Shemeji nilimweleza yote. Alicheka, kisha akafunika uso kwa kanga. "Sasa si angesema tu?"

Ndilo hilo, kaka. Si ungesema. Karakana moja, meza moja. Ungeniambia waya unagusa pampu, tungeikata njia ile mimi na wewe kabla viazi havijapoa. Kwa nini ulicheka? Ulidhani nitakuona fundi mbovu kwa bodi uliyoichora vibaya? Au ni kweli ulipenda kuitwa? Sijakusafisha bado. Nakupenda, na bado nakushuku, na vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kugombana.

Ninachokiogopa ni hiki: mara ya mwisho waliponifungia jogoo kwenye pikipiki, nilifurahi kupita kiasi.

Kwa hiyo nakuahidi. Ninachokijua kuhusu mashine za watu nitakisema kwa sauti, mbele ya mtu mwingine, kabla sijaondoka. Hata kikinivunjia heshima. Hata kikinifanya nisihitajike tena.

Pumzika, kaka Luhende. Huku hatukuhitaji tena kwa ajili ya redio. Tunakuhitaji bure tu.

Mdogo wako,
Kabula